Mtoto Aliyepitishwa Mlango wa Nyuma

Machi 3

Kosa wanalofanya watu wengi ni kumwonyesha mama mtoto ambaye hataishi. Wanadhani wanamfariji. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkunga miaka thelathini na minne, kumi na tisa kati ya hiyo nikifundisha chuoni, na kila mwaka niliwaambia wanafunzi wangu maneno yale yale: mfunikeni uso, mpitisheni mlango wa nyuma, mwambieni mama apumzike. Mama ambaye hakuona hana cha kukumbuka.

Naliandika hili leo kwa sababu mjukuu wangu amerudi kutoka kliniki na mumewe. Mimba ina wiki ishirini na sita. Picha ya tumbo imeonyesha kwamba fuvu la mtoto halikufunga upande wa juu. Naeleza kwa asiyejua: moyo unapiga, miguu inacheza, viganja vinafumba na kufumbua, lakini ubongo haukukua. Mtoto wa namna hii akizaliwa hai huishi dakika, pengine saa, mara chache siku. Hakuna upasuaji wala dawa. Daktari amewaambia kwamba mimba inaweza kukatishwa sasa, au wakasubiri. Mjukuu wangu amesema atasubiri.

"Bibi, anacheza," akaniambia, akauchukua mkono wangu na kuuweka tumboni.

"Najua."

"Sasa mtu anacheza hivi, utasema hayupo?"

Nilijikuta nahesabu mapigo ya mkono wake, kwa mazoea tu. Themanini na nane.

Machi 4

Mvua imeanza. Paa linavuja juu ya kabati. Nimeweka beseni.

Machi 6

Binti yangu alikuja, mama yake huyu mjukuu. Anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, na alikuja na utepe wa kupimia shingoni kama kawaida yake, hata kwenye misiba huja nao. Hakuketi.

"Mama, amekataa. Amesema anambeba mpaka mwisho."

"Nimesikia."

"Basi siku hiyo wewe utakuwemo chumbani. Wauguzi wote pale ni wanafunzi wako. Ukishika mtoto, umtoe haraka, kabla hajageuka kuangalia. Kama ulivyonifanyia mimi."

Inabidi nieleze. Miaka ishirini na minane iliyopita, kabla ya kumzaa huyu mjukuu, binti yangu alizaa mtoto mwenye kasoro hii hii. Enzi hizo hakukuwa na picha za tumbo, tuliona siku ya kuzaa. Zamu ilikuwa yangu. Nilimtoa mtoto. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo tangu siku ile hadi leo jioni, pale karibu na beseni.

"Mimi niliendelea na maisha," akasema. "Kwa sababu sikuona. Nakuomba unipe ahadi."

Nilimpa. Haikunigharimu chochote. Siku hizi maneno yananitoka kama maji ya bomba, nafungua na kufunga.

Machi 7

Mvua. Nguo hazikukauka.

Machi 8

Mvua. Nguo hazikukauka.

Machi 11

Mume wa mjukuu wangu ni fundi wa majokofu. Amekuja kutengeneza jokofu langu, ambalo si bovu.

"Bibi, linalia sana hili."

"Linalia tangu mume wangu yu hai. Yeye alikuwa analia zaidi."

Alicheka kidogo, kisha akalifungua lote. Alipanga skrubu sakafuni kwa mstari, kubwa mpaka ndogo, akazifuta moja moja kwa kitambaa. Alikaa saa tatu. Nilikuwa nikimwona kijana mwepesi, mtu wa mpira na redio. Alipomaliza akalirudishia kama lilivyokuwa, na linalia vile vile.

"Nikimaliza hili naja kuangalia pasi," akasema.

Pasi nayo ni nzima. Nikamwambia aje.

Machi 17

Mchungaji alitutembelea. Ni mdogo, hana hata mvi, na anapenda sukari nyingi kwenye chai. Mjukuu wangu alimwuliza mambo mawili: je, mtoto akizaliwa hai atabatizwa, na je, akifa kanisa litamzika kama linavyozika watu wengine.

"Kwani yeye ni nani, kama si mtu?" mchungaji akasema.

"Wazee wa kanisa wanasema mtoto asiyefikisha siku nane huzikwa na familia, kimya kimya."

"Wazee wa kanisa nitazungumza nao. Baadhi yao wana miaka themanini na sijaona walichoongeza."

Mjukuu wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Sikumbuki mara ya mwisho kusikia kicheko humu ndani.

Mimi nilifundisha madarasa ya kipaimara kwa muda mrefu kuliko umri wa mchungaji huyu. Naijua hoja yenyewe na naweza kuieleza usingizini. Mtu hapewi thamani na akili yake, wala nguvu zake, wala urefu wa siku zake. Angepewa na hivyo, basi mgonjwa angepungua thamani kila kukicha na mzee angebaki sifuri. Thamani yake inatoka kwa aliyemuumba kwa mfano wake, na kwa kuwa haikutoka kwetu, hatuwezi kuipunguza. Ndiyo maana uhai wa binadamu tunauita mtakatifu, maana yake umetengwa, una mwenyewe, haushikwishikwi ovyo. Nilikuwa nauliza swali hili kwenye mtihani na kulitolea alama kumi.

Leo nimeisikia hoja hiyo mezani kwangu na imepita kama gari barabarani. Nimeosha vikombe.

Machi 18

Beseni limejaa mara mbili.

Machi 29

Mtoto atahitaji kofia, ya kufunika pale ambapo hapakufunga. Mjukuu wangu alimwomba mama yake amshonee. Nilikuwepo.

"Sina muda," binti yangu akasema. "Shule zinafungua, nina sare mia mbili."

"Mama, ni kofia moja."

"Kofia ya kwenda wapi?"

Cherehani ilinyamaza, kwa kuwa alikuwa ameondoa mguu. Mjukuu wangu akachukua mkoba wake akatoka kwenye mvua bila mwavuli, na tumbo lake mbele.

Binti yangu akanigeukia mimi. "Unaona? Anampenda. Sasa ataumia mara mbili. Wewe shikilia ahadi yako."

Nilimwona ana roho ngumu. Nimeliandika hilo ili nisije nikajisahihisha baadaye nikajifanya sikulifikiri.

Aprili 2

Mvua.

Aprili 3

Mvua. Viatu vimeota ukungu.

Aprili 14

Binti yangu alikuja asubuhi, saa nne, saa ambayo hajawahi kufunga duka katika siku ya kazi. Hakuwa na utepe shingoni. Aliketi kwenye kiti cha marehemu baba yake. Nilianza kumsimulia habari za jokofu, akanikatiza.

"Mama. Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Mtu mwingine angeuliza nani. Mimi sikuuliza.

"Wa kiume."

Alitikisa kichwa polepole, kama mteja aliyetajiwa kipimo tofauti na alichokuwa akikikisia.

"Mimi nilimfanya wa kike," akasema. "Miaka yote hii. Kila sare ya msichana niliyokata, nilikuwa nasema, sasa angevaa hii. Darasa la kwanza. La pili. Alipofika umri wa kumaliza shule nikaacha kushona za wasichana, nikasema zina marinda mengi, zinachosha. Uliona nimeacha?"

"Niliona."

"Hukuuliza."

"Hapana."

"Alilia?"

"Hapana."

Hilo lilikuwa kweli, hakulia. Angeuliza swali lililofuata, ningelazimika kujibu. Hakuuliza. Alitazama beseni hadi tone likaanguka, akasimama.

"Ulikuwa unasema mama ambaye hakuona hana cha kukumbuka. Nilikusikia ukiwaambia wanafunzi, ukiwa mlangoni, nami nimelala pale."

"Ndivyo tulivyoamini."

"Mimi nimekumbuka mtu ambaye hata hakuwepo, Mama. Nimemkumbuka msichana. Na aliyekuwepo hakukumbukwa na mtu."

Akaondoka. Hakunirudishia ahadi yangu, wala sikuthubutu kuiuliza. Sikulia. Nilipika, nikala, nikaweka chombo kwenye sinki.

Aprili 15

Sijaandika.

Aprili 20

Naandika sasa ambalo sikulisema tarehe 14.

Alipumua.

Naeleza jinsi tulivyofanya kazi. Mtoto kama yule alifunikwa uso kwa kitambaa cha kijani, akatolewa kupitia mlango wa nyuma hadi chumba cha kuoshea vyombo. Pale kulikuwa na sinki mbili na meza ya bati. Tulimweka mezani, tukarudi kwa mama, maana mama ndiye aliyekuwa mgonjwa wetu. Kwenye rejista, safu ya jinsia na safu ya uzito, tulichora mstari. Hatukumpima. Kumpima mtoto ni kumwandika, na kumwandika ni kumleta.

Nilipomaliza kumshona binti yangu, nilikwenda kuosha mikasi. Kitambaa kilikuwa kinapanda na kushuka. Nilitazama saa niliyobandika kifuani. Nilikuwa na mikasi sita. Niliiosha yote, nikaikausha, nikaipanga kwenye sinia. Kitambaa kikaacha kusogea. Dakika saba.

Kwenye mfuko wa aproni yangu kulikuwa na kitabu cha nyimbo. Nilikuwa mzee wa kanisa. Maji ya bomba yalikuwa yanatiririka mkono mmoja kutoka alipolala. Nilikuwa nimebatiza watoto kumi na mmoja wa dharura wodini humo, wale tuliodhani wanaweza kupona. Yule sikumbatiza. Sikufunua hata uso.

Watu huniuliza kwa nini sikulia mume wangu alipofariki. Huwajibu kwamba kazi ya hospitali humkausha mtu. Si kazi yote iliyonikausha. Ni dakika saba.

Mei 2

Binti yangu ameleta kofia. Aliiweka mezani ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Ni ya pamba nyeupe, mishono midogo sana, ya mkono, si ya cherehani. Ingemtosha mtoto wa miezi sita.

Huyu ni mtu anayekupima kwa macho ukiwa unavuka barabara. Hajawahi kukosea mkono wala shingo ya mtoto wa shule. Hapa hakujua akate kiasi gani, kwa kuwa hakuna aliyempa nafasi ya kuona.

Sikumwambia ni kubwa. Roho ngumu niliyomwandikia mwezi wa tatu naifuta.

Mei 9

Mvua imepungua. Fundi ametengeneza pasi, redio na saa ya ukutani, vyote vizima.

Mei 21

Uchungu ulianza alfajiri. Saa tatu asubuhi tulikuwa chumba cha kujifungulia: mjukuu wangu, mumewe, binti yangu na mimi. Mkunga wa zamu ni mwanafunzi wangu wa mwaka wangu wa mwisho chuoni, sasa ndiye mkuu wa wodi. Bado ananiita Sista. Mchungaji alipiga simu, mto umefunika daraja, amekwama upande wa pili.

Binti yangu alisimama upande wa kichwa, akimfuta mwanawe jasho. Alinitazama mara moja tu. Ahadi ilikuwa bado ipo kati yetu. Sikujua alitaka niitimize au niivunje, na kusema kweli hata yeye sidhani kama alijua.

Saa tano na dakika kumi mtoto alitoka. Wa kike. Hakulia. Mwanafunzi wangu alikata kitovu, akachukua kitambaa, akamfunika uso kwa mkono mmoja, mwendo mmoja, laini, akageuka kuelekea mlango wa nyuma. Alifanya vizuri sana. Ningempa alama zote.

Mjukuu wangu akasema, "Yuko wapi?"

Nilitazama mgongo wa yule mkunga ukiondoka, na niliujua. Ulikuwa wangu.

"Mrudishe," nikasema.

Akasimama. "Sista?"

"Mrudishe kwa mama yake."

"Lakini Sista, ndivyo ulivyotufundisha."

"Niliwafundisha vibaya. Anapumua. Mrudishe."

Mume wa mjukuu wangu tayari alikuwa amevua shati ili amfunike nalo, ingawa shuka zilikuwa tele. Tukamlaza mtoto kifuani kwa mama yake. Nilifunua kitambaa. Nilimvika kofia, nikaikunja mara mbili na kuibana kwa pini. Chini ya kofia palikuwa na uso. Pua ya baba yake kabisa. Kidevu cha kwetu.

"Bibi, mbatize wewe," mjukuu wangu akasema. "Mchungaji hafiki."

Kanisa letu linaruhusu Mkristo yeyote kubatiza pale mauti yanapokaribia. Niliomba maji. Fundi akanipa chupa yake ya kunywa, kifuniko kikamponyoka. Nikauliza jina. Wakanitajia. Nikamwita kwa jina hilo, nikamwagia maji mara tatu kwenye paji la uso, nikasema maneno yanayosemwa.

Wengi hudhani tendo kama hilo linataka moyo uliojaa. Sikuhisi kitu. Mkono wangu ulikuwa mkavu na sauti yangu ilikuwa ile ya darasani. Lakini maji yalikuwa maji, na mtoto alikuwa mtoto, na hakuna hata kimoja kilichongoja nihisi.

Alipita mikononi mwetu. Baba yake alimwonyesha dirisha. "Ile ni mvua," akamwambia. "Haina adabu, lakini ni mvua." Kisha akampa binti yangu. Binti yangu alipokea kama anayepokea kitambaa cha bei, mikono yote miwili chini. Alipima kidole kidogo cha mtoto kwa kidole chake mwenyewe. Alipima mguu. Alipima sikio.

"Nimekata kofia kubwa," akasema.

"Amependeza, Mama," mjukuu wangu akasema.

Aliishi dakika thelathini na nane. Zilipoisha alikuwa kifuani kwa mama yake tena. Nilimwambia mwanafunzi wangu alete mizani. Kilo moja na gramu mia tisa. Aliandika kwenye rejista, na chini ya jinsia akaandika. Kalamu iligoma mara moja, akaitikisa.

Mei 23

Tumemzika kwenye makaburi ya kanisa, kati ya mwalimu mstaafu na dereva wa lori. Daraja limefunguliwa. Wazee wa kanisa walikuja watatu, wamevaa suti, mmoja wao ni kati ya waliotaka azikwe na familia kimya kimya. Alibeba sanduku sehemu ya njia. Mchungaji hakuhubiri sana. Alitaja jina mara nyingi.

Matope mengi.

Mei 24

Nilikwenda dukani kwa binti yangu. Nilimwambia asimamishe cherehani. Nikamwambia: alipumua, dakika saba, juu ya meza ya bati, kitambaa usoni, nami nikiosha mikasi. Nikamwambia alipozikwa, nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali, ambako sasa wameweka sakafu ya saruji na magari hulala hapo. Sikuongeza sababu. Nina sababu nyingi na zote nilishazifundisha.

Alichomoa sindano kwenye cherehani, akaiweka mezani.

"Dakika saba," akasema. "Ungenipa hizo, Mama. Ningeziishi."

Kisha akasema, "Nenda nyumbani."

Nilikwenda.

Mei 30

Mvua imekatika. Nguo zimekauka. Hajaja.

Juni 6

Amekuja leo, baada ya ibada, akaketi kwenye kiti cha baba yake.

"Nimempa jina," akasema.

"Mwanao?"

"Mwanangu. Nimemwambia mchungaji amweke kwenye maombi ya Jumapili ijayo. Nimemwambia na mume wangu. Unajua amesema nini? Amesema yeye alikuwa ameshampa jina tangu siku ile, akaona aibu kunitajia. Sasa ana majina mawili, mtoto wa watu."

Akacheka, ikawa kilio katikati, ikarudi kicheko. Alinitajia majina yote mawili. Sikuomba msamaha leo, kwa sababu angeona lazima anipe, na hastahili kubebeshwa hilo juu ya mengine. Nitaomba, siku ambayo anaweza kunikatalia. Nilimwambia tu kwamba nimesikia, nikayarudia majina polepole, niwe na hakika nimeyashika. Kifua kiliniuma kidogo upande wa kushoto alipokuwa akitoka. Si moyo. Nimejipima.

Majina hayo siyaandiki hapa, wala la kitukuu wangu wa dakika thelathini na nane. Si yangu kuyagawa. Wenyewe wapo, na wanangoja mtu wa kuwauliza. Nawe unayesoma, unamjua mwanamke mmoja angalau aliyefiwa na mtoto kabla watu hawajamzoea. Nenda kwake leo, umwulize mtoto wake aliitwa nani, kisha nyamaza usikilize.